Soma Mgongo wa Spika

Mwanangu, ilianza Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, Babu alipofungua mlango wa gari lake na kuniambia nimshikie tochi. Nakuita mwanangu ingawa nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na wewe hujapata hata baba. Usicheke. Babu anasema wazee wengi hutoa nasaha wakati wameshasahau jinsi jambo lenyewe lilivyouma, ndiyo maana maneno yao huwa kama uji uliopoa. Basi mimi nakuandikia la kwangu likiwa bado la moto.

Gari la Babu ni la zamani, jeupe lililoanza kugeuka krimu. Spika zake mbili za milangoni alinunuliwa na Bibi, kwa faida ya dagaa aliokuwa anauza sokoni Mwaloni, mwaka ule Babu alipostaafu ualimu. Bibi alifariki mwaka juzi. Jina langu, Nyangeta, ni lake, na kwa sababu hiyo Babu huniita "mwenye nyumba" mbele ya watu mpaka natamani ardhi inifunike.

Kuna flashi ya kwaya ya kanisa letu hapa Butimba. Katika wimbo mmoja, ubeti wa pili, Bibi anaimba peke yake. Sasa masikio ya Babu yamechoka, na redio ya gari haina nguvu. Akiongeza sauti ili amsikie, Bibi anakwaruza kama anaimbia ndani ya debe. Ndipo kaka yangu Masatu, ambaye anaendesha bajaji na anajiona mtaalamu wa muziki, akasema dawa ni amplifaya, kile kifaa kinachoipa redio nguvu ya kusukuma spika. Babu akakubali, ila spika zenyewe zisibadilishwe.

"Hizo ni za Nyangeta mkubwa," alisema. "Zikiungua, mimi nitakuwa nasikiliza injini."

Masatu alizifungua milangoni ili tukanunue kitu kinachoendana nazo. Mimi nilikuwa namulika tu. Lakini ukiwa na tochi unaona, na nyuma ya kila spika, kwenye sumaku, kulikuwa na kikaratasi kilichofifia: wati 50, omu 4. Tukazifunga kwenye kanga ya Bibi, tukaenda duka la vifaa vya muziki huko Igogo.

Duka lilikuwa limejaa spika kuanzia sakafuni hadi darini, na mwenye duka alikuwa anamjaribishia mteja mmoja. Ule mlio ulikuwa unatetemesha mpaka soda kwenye chupa. Masatu hakuchukua muda. Aliona boksi lenye picha ya moto, limeandikwa wati 2000, akalikumbatia.

"Hii ukifunga, mtu akiwa Kirumba anakusikia," mwenye duka alimwambia.

"Na bei inaingia mfukoni," Masatu akamwambia Babu. "Babu, tumepata."

Babu akaanza kuingiza mkono ndani ya koti.

Sasa nikueleze mama yako ni mtu wa namna gani. Darasani nikijua jibu, namwandikia jirani yangu pembeni ya daftari ili anyooshe mkono yeye. Kanisani nimeombwa kusoma somo mara kadhaa, na kila mara nimekuwa na mafua. Lakini pale dukani ile amplifaya ilikuwa imetolewa kwenye boksi, na mkiani mwake kulikuwa na kifyuzi kidogo chekundu chenye namba 10. Tulishafundishwa fizikia ya umeme. Nilijua kuna uongo, na nilijua spika za Bibi ndizo zitakazoulipia.

Nikasema, "Kaka, haiwezekani."

Muziki ukameza maneno yangu yote. Nikasema tena kwa nguvu, kwa nguvu nisiyo nayo, sauti ikapasuka katikati.

"Kuku gani huyo ameingia?" Masatu akauliza, akiangalia chini ya kaunta.

Mwenye duka akacheka mpaka akashika kiuno. Masikio yangu yaliwaka. Mwanangu, nilitaka kurudi kwenye gari nikae na uchungu wangu, na nikuambie ukweli, miguu ilishageuka. Kisha nikaona Babu anahesabu noti kwa vidole vyake vya taratibu.

Nikafungua kanga. Nikailaza spika moja juu ya kaunta, mgongo juu, nikaweka kidole kwenye kile kikaratasi. Nikaigeuza na amplifaya pia, kidole cha mkono mwingine nikakiweka kwenye fyuzi. Nilisimama hivyo, mikono imetanuliwa kama mtu anayepimwa nguo.

Mwenye duka mwenyewe ndiye aliyezima muziki ili aje aone.

"Haya, sema sasa," Babu aliniambia. "Hapa sauti yako hiyohiyo inatosha."

Nikasema spika inabeba wati hamsini. Umeme wa gari ni volti kumi na mbili, na fyuzi hii inaruhusu ampea kumi. Kumi na mbili mara kumi ni mia na ishirini, hata kabla ya kutoa zinazopotea kwa joto. Hizo elfu mbili zinaingilia mlango gani?

Mwenye duka akajikuna kichwa. "Dada, hiyo ni namba ya boksi."

"Na ya amplifaya?" Babu akauliza.

"Ya amplifaya, mzee wangu, tuongee vizuri."

Masatu hakukubali kushindwa haraka. "Si ndiyo afadhali? Kama ni ndogo, itaunguzaje spika?"

Hapo mwenye duka nampa haki yake. Alisema, "Hapana, mdogo wangu. Spika nyingi zinazoletwa hapa zimekufa, zimeuawa na amplifaya ndogo. Mtu anaifungulia mpaka mwisho ili ifanane na boksi lake. Sauti inapasuka, inabaki mikwaruzo, spika inapata joto mpaka inaungua. Yenye nguvu ya kutosha, ukiifungulia kwa adabu, hiyo inadumu."

Akainama, akatoa amplifaya iliyochubuka pembeni, ya mtumba, haina picha ya moto wala ya chui. Wati hamsini kila upande, kwa omu nne. Fyuzi yake ishirini na tano. Kwa kuwa imetumika, bei yake haikupishana sana na ile ya kwanza. Babu alinitazama mimi, siyo Masatu. Nikatikisa kichwa kukubali.

Wakati fundi wa duka anaifunga garini nje pamoja na spika, Babu alinikalisha naye barazani.

"Mwenye nyumba," alisema, "nilipokuwa na umri wako kule Majita, niliimba kwaya pembeni ya kijana mmoja mwenye sauti kama ng'ombe dume. Nikaona aibu, nikawa napiga kelele ili nifanane naye. Krismasi inafika, koo limekauka, hata shikamoo siwezi kuitoa. Mwalimu wetu wa kwaya, mzee mkali kweli, akaniita pembeni. Akasema, 'Magesa, sauti yako ni ndogo lakini ni nzima. Ukiilazimisha iwe ya mwenzako, tunazikosa zote mbili. Ngoja watu wanyamaze, sogea mbele, imba hiyohiyo.' Leo ulipopiga kelele ulipasuka kama mimi. Ulipogeuza spika, muziki wenyewe ulizimwa."

"Masatu ameniita kuku."

"Masatu alikuwa anaogopa vyura mpaka darasa la saba. Alikuwa ananiita nimsindikize chooni."

Nilicheka mpaka fundi akageuka.

Fundi alianza na kitufe cha kuzungusha cha nguvu kikiwa chini kabisa, akakipandisha kidogokidogo mpaka ulipotaka kusikika mkwaruzo, akakirudisha nyuma kidogo, akakiacha hapo. Tukapandisha vioo. Masatu akachomeka flashi. Ubeti wa kwanza ukaimbwa na wote, ukaisha, na kabla ya ubeti wa pili kikasikika kitu kidogo sana, kama mtu anafungua mlango polepole.

Babu akanyoosha mkono. "Amevuta pumzi," alisema. "Rudisha."

Masatu akarudisha. Akarudisha tena. Miaka yote tuliyousikiliza wimbo ule, hiyo pumzi hatukuwahi kuisikia. Babu alikuwa amefumba macho, na Masatu, kaka yangu yule mwenye maneno, alikuwa anaangalia tu usukani.

Basi mwanangu, siku ukienda kununua amplifaya na hela yako ni ya kubana, anza na spika ulizonazo. Soma mgongo wake, wati na omu, kisha tafuta amplifaya inayolingana nazo, na uangalie fyuzi kabla ya boksi. Ya mtumba isikutie aibu. Ukishafunga, usifungulie mpaka mwisho ili jirani ajue umenunua. Na akija mtu kwako amejipaka moto na elfu mbili kwa herufi kubwa, usigombane naye. Mgeuze taratibu, uone fyuzi yake ni ngapi. Wewe nawe sauti ikiwa ndogo kama ya mama yako, usiipasue. Tafuta pa kuweka kidole.

Mungu akupe masikio ya kusikia mtu anavyovuta pumzi kabla hajaimba. Akupe na watu watakaozima muziki ukitaka kusema, na kaka mwenye utani, maana bila yeye ungezeeka mapema.

Jumapili asubuhi tulifika kanisani mapema. Nilimkuta mzee wa kanisa mlangoni anapanga wasomaji, nikamwamkia, nikamwambia leo sina mafua. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikangoja watu wakae, nikasogea karibu na maiki, nikavuta pumzi, nikasoma.