Mijusi wa Wake Wenza

Bi Fatu alikaa miaka saba nyumba moja na mke mwenzake bila kumpa hata salamu. Nyumba yenyewe ilikuwa Majengo, ya vyumba sita na ukumbi katikati, waliyoachiwa na marehemu mume wao, Idarusi, fundi wa saa. Fatu, mke mkubwa, alikuwa na chumba cha mkono wa kulia. Lela, mke mdogo, cha mkono wa kushoto. Walikalia eda pamoja, miezi minne na siku kumi, kila mmoja na mkeka wake na ukuta wake wa kutazama. Mmoja akiwa na neno na mwenzake, alimwambia paka.

"Paka we," angesema Fatu, "mwambie mwenye sufuria aiondoe motoni, wengine nao wana matumbo."

"Paka we," angejibu Lela, "mwambie moto ni wa aliyeamka mapema."

Lakini ugomvi haukuwa wa sufuria. Idarusi alifia chumbani kwa Lela, siku ya zamu yake, na Lela hakumwita mwenzake. Fatu alipata habari alfajiri, tena kwa mpangaji, maiti imeshafunikwa. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka wa themanini na moja, mpangaji wao mwingine, Laban Mulama, mtu wa Butere, alikuja na viumbe ambavyo Majengo haikuwahi kuviona. Alikuwa akisafisha vibanda vya wanyama kwa mtafiti mmoja wa kigeni, na yule bwana alipofungasha kurudi kwao alimwachia mijusi wawili wa kutoka pande za Bara Hindi. Walikuwa wanono, wa manjano, wenye madoa meusi mwili mzima kama chui. Mkubwa alikaa kwenye sanduku la kioo, mdogo kwenye katoni.

Wiki haijaisha, Laban akaletewa habari kuwa babake amefariki. Akamtia mdogo sandukuni pamoja na mkubwa, akabisha kwa Bi Lela.

"Mama, niwekee hawa. Chakula chao ni mende tu, na hapa mende ndio wenye nyumba. Maji kidogo kwa kifuniko. Ni bwana na bibi yake, hawatakusumbua."

Fatu akapita mlangoni. "Paka we, tangu lini mjusi akafugwa? Mjusi ni wa kuuawa."

"Paka we, mwambie hawa hawapandi ukuta, na hufumba macho kama watu. Aje ajionee."

Fatu hakwenda. Lakini asubuhi ya pili alisikia ukelele wa Lela, na kabla hajafikiri alijikuta ndani ya chumba ambacho hakukikanyaga tangu mazishi. Mjusi mkubwa alikuwa amemng'ang'ania mdogo shingoni, na mkia wa mdogo umekatika, unarukaruka peke yake mchangani. Fatu alinyakua upawa akawaachanisha. Mkubwa akainuka juu ya miguu yote minne, mgongo kaupinda, ncha ya mkia ikitetema.

"Bwana gani huyu wa kumng'oa mkewe mkia?" Fatu alisema. Paka hakuwapo.

Majirani walijaa mlangoni na ushauri wao. "Hayo ni mambo ya mke na mume. Waache, watazoeana." Maneno hayo hayo Fatu aliambiwa siku Idarusi alipomleta Lela, na hayakumsaidia kitu. Alimkunja yule mdogo katika upindo wa leso, akaenda naye chumbani kwake, akamweka ndani ya kabati la waya la chakula juu ya mchanga safi, akamwosha kidonda kwa maji ya chumvi.

Akaanza kumjua. Mchana mjusi alilala chini ya kigae. Jua likizama alitoka, akilamba mbele yake kila hatua kana kwamba anaionja njia. Haja alikwenda kona moja tu, siku zote, na Fatu alisema wako wapangaji wa kufunzwa naye. Akimwona mende, kile kisiki cha mkia kilipepea polepole, kisha akaruka.

Siku ya kumi na mbili alimkuta mweupe mwili mzima, kama aliyepakwa majivu, hali wala hatembei. Fatu alisimama ukumbini, mjusi kiganjani.

"Lela!" aliita. Jina lilimkwaruza kinywani.

Lela alikuja mbio, mikono ina unga. Alimtazama mjusi, si Fatu. "Wangu alikuwa hivi juzi. Anajivua gamba. Mtandikie kitambaa kibichi. Atalivua na kulila, usishtuke."

"Kulila?"

"Lote, hata la vidole."

Ikawa hivyo. Adhuhuri ilipoadhiniwa mjusi alikuwa ameng'ara kama shilingi mpya, na Lela bado ameketi sakafuni kwa Fatu.

"Huyu si mke," Fatu alisema. "Akimsikia mwenzake anakwaruza huko kwako, huinuka kama jogoo anayetaka vita."

"Laban alisema dume lina vitundu chini, kati ya mapaja. Lakini aliyempindua ni mkubwa tu. Huyu alimwita mke kwa udogo wake."

"Basi tutazame."

Lela alikwenda kwake akarudi na mjusi wake, chupa mbili za jemu, na kile kioo cheusi ambacho fundi wa saa hubana jichoni. Fatu alikitambua. Alikitafuta miaka saba. Alikipokea, akakibana jichoni.

Waliwatia kila mmoja chupani, wakawainua mwangani. Tumboni mwa mkubwa, kati ya miguu ya nyuma, kulikuwa na safu ya vitundu kama vya sindano, vimepangwa kama kichwa cha mshale, na chini yake, mwanzo wa mkia, vivimbe viwili. Fatu akahamia kwa mdogo. Vitundu vile vile. Vivimbe vile vile.

"Wanaume wawili!"

"Na watu wanasema wazoeane!" Lela alicheka mpaka akashika ukuta, na Fatu naye akacheka.

Kicheko kilipokwisha, Lela alikitazama kile kioo. "Kilikuwa jichoni pake. Alikuwa akitengeneza saa, akainama tu. Nilifika mpaka mlangoni pako, Bi Fatu, nikarudi. Nilitaka niwe naye peke yangu kidogo. Wewe ulikuwa naye miaka ishirini. Kufumba na kufumbua, ikaadhiniwa alfajiri."

"Ulinikosea."

"Nilikukosea."

Fatu hakusema amesamehe, kwa kuwa haikuwa kweli bado. Aliuliza, "Alisema neno?"

"Aliuliza ni saa ngapi."

Fatu alifuta macho kwa leso. "Ndiye yeye," alisema.

Laban aliporudi baada ya siku arobaini aliwakuta ukumbini wakizozana, uso kwa uso, nani kampa mjusi wake mende wengi. Walimweleza yote, akaona haya, akasema atawachukua awaondolee taabu.

"Umchukue nani?" Fatu alimwuliza. "Wewe hata mume na mke huwajui." Akamsogezea kigoda, akamwambia Lela amtilie mgeni chai.