Doti Isiyokatwa

Mie shule niliiacha darasa la pili, na sioni haya kulisema. Nyumba yangu hapa Temeke nimeijenga kwa pilau. Sufuria za shughuli, zile za kubebwa na watu wawili, ninazo saba, na hakuna aliyenipa hata mfuniko. Lakini kusoma sikujua. Nilijua herufi moja tu, M, maana ndiyo niliyokuwaga naichora kila nikiambiwa weka sahihi.

Aliyenisomea ni shoga yangu. Yeye alimaliza la saba. Tulipika pamoja miaka kumi na tisa, mie kwenye moto, yeye kwenye viungo. Cheti cha hospitali, ujumbe wa simu, barua ya serikali ya mtaa, vyote yeye. Na kanga. Tulikuwa tunanunua doti moja, anasoma maandishi yake palepale dukani kwa sauti, tunacheka, tukifika nyumbani tunaikata katikati. Kipande changu, kipande chake. Kwenye shughuli tunaingia sare.

Kilichotugombanisha ni mdomo wangu. Siku hiyo tunapika harusi ya watu, akaniambia mbele ya wasaidizi, "Shoga, chumvi umeshatia, nimekuona." Nilikuwa nimechoka, moshi umenijaa machoni. Nikamjibu, "Hilo la saba lako lingekuwa na maana, usingekuwa unanimenyea vitunguu." Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliendelea kumenya. Mie nikaona yamekwisha, kwa sababu kwangu yalikuwa yamekwisha.

Wiki iliyofuata tukaalikwa harusi ya jirani, safari hii kama wageni. Tukaenda dukani. Akachagua kanga nyekundu yenye michoro ya korosho.

"Hii inasemaje?"

"Mola kanikweza."

Nikaitazama. Kweli, inaanza na M. Moyo ukanijaa. "Basi twende tukakate."

"Hii usikate, shoga. Vaa doti nzima. Leo ng'aa mwenyewe."

Nikaona heshima hiyo! Nusu nikajifunga, nusu nikajitanda, bila kuikata. Nilipoitwa kumtuza bibi harusi, nikaingia katikati nacheza, nikawapa mgongo wasome vizuri. Ukumbi ukalipuka. Mie nikazidisha kiuno. Mpaka shangazi wa bibi harusi akanishika mkono, machozi ya kicheko yanamtoka. "Bibi wee, leo umejisema mwenyewe!"

"Nimejisemaje?"

Akapitisha kidole kwenye pindo, akanisomea neno kwa neno. "Mdomo wangu umeniponza."

Nilimkuta nje, anavaa viatu. "Umenisomea nini wewe?"

"Nimekusomea unachopenda kusikia," akasema. "Cha kweli nimekuvisha."

Mwezi haukuisha akahamia Kibamba. Sikumuaga.

Wasaidizi ninao. Wananiamkia shikamoo, wanapika, wanaondoka. Hakuna wa kuniambia chumvi umeshatia. Mara mbili nimeharibu pilau la watu. Simu ikilia ya ujumbe naitazama tu, naigeuza kifudifudi. Sikutaka tena kusomewa na mtu.

Nikaenda kisomo cha watu wazima, nina miaka sitini na moja, nimejibana kwenye dawati la watoto, magoti yamegota. Mwalimu ananipa shikamoo kwanza, halafu ananisahihisha. Mwaka na nusu.

Nilipoweza, nikafungua sanduku nikatoa kanga zote. Nikakaa sakafuni, nasoma moja moja kwa kidole. Nilikuwa natafuta uongo. Nilitaka niukute mwingi, nimchukie, nipumzike. Kila kanga ilisema vilevile alivyonisomea. Miaka kumi na tisa, uongo mmoja. Na huo nao, ukiutazama, sio uongo.

Ile doti nikaikata. Kipande kimoja nikajifunga, cha pili nikakitia kwenye mfuko, nikaenda Kibamba.

Alinifungulia mwenyewe. Kazeeka. Macho yake yakashuka kwenye pindo la kanga, akasoma.

"Nani kakusomea?"

"Nimesoma mwenyewe. Na zote zilizomo sandukuni."

Akanipa maji, nikanywa. Neno samahani sikulitamka; nilikuwa nimelivaa, na yeye anajua kusoma. Nikampa kipande chake. Akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya friji bila kukikunjua. Tukaongea habari za mvua. Tukaongea bomba la mtaani kwao linalotoa maji siku moja kwa wiki. Neno shoga halikumtoka mdomoni hata mara moja.

Nilipoinuka akanisindikiza mpaka mlangoni, hakuvuka kizingiti. "Karibu tena, mama," akasema, kama anavyoambiwa mtu aliyekuja kusoma mita.

Kanga bado nanunua. Nasoma mwenyewe palepale dukani, kwa sauti, muuzaji ananishangaa. Nikifika nyumbani nakata katikati. Vile vipande vyake vimefika vinne sasa, vimo sandukuni.