Miche Yangu na Maji ya Udhu

Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu pale Gisenyi, miaka ya hamsini, na tayari nilikuwa nagombania ardhi. Ardhi yenyewe ilikuwa kipande nyuma ya jiko, hatua nane kwa sita. Fundi cherehani aliyeshonea barazani kwetu alikitaka ajenge chumba. Mimi nilikitaka nipande nyanya. Baba mkwe, muuza chumvi asiyependa maneno mengi, alikata shauri: nikipata miche ya kupanda kabla mvua kubwa haijaisha, kiwanja changu; nisipopata, cha fundi.

Nilifurahi mpaka nikasahau kutia chumvi kwenye mchuzi wa muuza chumvi. Nje, kuku na mvua visingeniachia kitu, kwa hiyo nilisia mbegu ndani, katika makasha mawili ya sabuni chini ya dirisha la ukumbini. Siku ya saba zikachomoza. Nilimvuta mume wangu mkono aje aone, naye akasema ni nyasi. Nilimnunia mpaka jioni.

Kisha udongo ukaota utando wa kijani wenye utelezi, kama ule wa mawe ya ziwani tulipochota maji. Miche ikaoza shingoni, ikalala mmoja baada ya mwingine. Nami nilikuwa naimwagia kidogo tu, alfajiri! Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Nilimshuku fundi, halafu, Mungu anisamehe, nikamshuku baba mkwe.

Adhuhuri moja nilijibanza nyuma ya pazia. Wa kwanza kuja alikuwa mama mkwe na birika lake la udhu. Akamwaga kilichobaki, akaenda kusali. Wa pili mume wangu, yule wa nyasi, naye akamwaga. Mwisho baba mkwe. Alitazama kulia na kushoto kama mwizi, akasema bismillahi polepole, akainamisha birika.

Ndipo nikaelewa. Maji ya nyumba ile yalipanda kilima kichwani mwa mtu, na mabaki ya udhu hayakumwagwa ovyo: yalipewa kitu chenye uhai. Miaka yote mlimau wa uani ndio ulioyanywa, na mlimau ulikufa mwaka uliotangulia. Watu wanne, sala tano kila siku. Nasema wanne kwa sababu kidogo changu cha alfajiri nacho kilikuwa mabaki ya udhu.

Nilitoka nyuma ya pazia bila adabu yoyote ya bibi harusi.

"Baba, maji ndiyo inaua miche."

Alibaki na birika mkononi. "Mi niliwaza iko na kiu," alisema.

Hasira zote zikanitoka. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, maana mtu niliyemshuku alikuwa ananiombea nishinde.

Mchana uleule tulianza kazi. Mume wangu alitoboa matundu chini ya makasha kwa msumari. Mimi nilikwangua utando wote, nikakaanga mchanga mweusi wa volkano sufuriani mpaka ukakauka, nikautandaza juu ya udongo. Dirisha likawa wazi kutwa. Hakuna aliyemwagilia mpaka nitie kidole na kukuta pakavu. Mabaki ya birika yakapelekwa kwenye mgomba wa jirani, na baba mkwe aliyapeleka akinung'unika.

Miche kumi na mmoja ilipona, mashina manene, majani yananukia nyanya kweli. Siku ya kuipanda, mvua zikiwa bado hazijakoma, niliruka uani mpaka mama mkwe akaniambia nikumbuke mimi ni mke wa mtu. Fundi alichungulia, akarudi kwenye cherehani yake.

Nilipomaliza kushindilia udongo kwenye mche wa mwisho, baba mkwe alikuwa amesimama nje ya kiwanja, hajakanyaga ndani, birika mkononi.

"Mutoto yangu," aliniuliza, "sasa naweza?"