Mpelelezi wa Temeke na Kinyago Mwizi

Kitabu cha zamani kikilowa mvua, kisha kikaanikwa juani, hutoa harufu kama ya karanga zilizoungua kidogo. Juzi niliisikia kwa muuza vitabu chakavu, nikajikuta Temeke tena, nina miaka kumi, nimejilaza mkekani nyuma ya nyumba ya Bibi na riwaya ya upelelezi isiyo na jalada. Mpelelezi wake hakuvua koti, hakucheka, wala hakubabaishwa na machozi ya mtu. Nikaamua kuwa kama yeye. Nilivaa koti zito la marehemu Babu katika joto la Februari, hata Mama, aliyekuwa muuguzi wa zahanati, akanipima homa mara mbili.

Kesi ilikuja yenyewe. Miaka ile sukari ilikuwa ya kupangia foleni duka la ushirika, na Mama aliificha kwenye kopo chini ya kitanda. Ikaanza kupungua. Alipouliza, Bibi hakusita.

"Muulizeni Chitanda. Vinyago vyake vinatembea."

Mzee Chitanda alikuwa mpangaji wa Bibi, Mmakonde mpole aliyechonga mashetani ya mpingo katika chumba cha uani: lenye jicho moja, lenye tumbo la mtungi, lenye ulimi uliofika kitovuni. Ni yeye peke yake aliyekitambua cheo changu. "Habari za kazi, afande?" alinisalimia kila asubuhi.

Neno la Bibi likatoka nje ya ua, likanenepa. Jirani mmoja aliota kinyago cha ulimi kinamlambia sahani. Haukupita muda, majirani wakamleta mganga kutoka Vingunguti. Akachungulia bakuli la maji, akasema mwizi ni mti wenye jicho moja, na mwenye mti ahame kabla ya Ijumaa.

Mzee Chitanda hakubisha. Alianza kuvifunga vinyago vyake kwenye magunia, kimoja kimoja, kama mtu anayewafunika watoto shuka. Nilishikwa na uchungu ambao mpelelezi wangu hakuwahi kuwa nao. Nikakwangua masizi ya sufuria, nikayachanganya na mafuta ya nazi, nikapaka kopo la sukari.

Alhamisi alasiri mganga alirudi kukifukiza chumba ubani, na watu wakajaa uani. Nikajitokeza katikati, jasho linanichuruzika.

"Kila mtu aonyeshe mikono!"

Walicheka, lakini wakaonyesha. Mikono ya Mzee Chitanda ilikuwa myeusi tii. Watu wakaguna, "Huyo!" Sikuwa nimefikiria kwamba mchonga mpingo huwa na mikono ya namna hiyo kila siku. Nikageuka, nusura nilie, nikamwona Bibi. Mikono kaificha ndani ya khanga, lakini midomo ilimng'aa kwa masizi.

"Bibi," nilisema, "midomo yako."

Watu wote wakamgeukia. Daktari alikuwa amemkataza sukari, na Mama alikuwa akimpa chai isiyo na sukari. Bibi alinitazama, akatazama mbingu, akaanza kutetemeka, akaanguka taratibu, akichagua upande usio na mawe.

"Mie Maimuna wa bahari ya saba!" alinguruma. "Nimempanda bibi huyu! Nataka chai ya sukari!"

"Nilijua!" mganga akaruka. "Jini la baharini! Lilijificha nyuma ya mti!"

Mama akapiga magoti. "Shikamoo, Maimuna."

"Marahaba."

"Kiti chako hiki ulichokipanda kina kisukari. Ukikiua, utampanda nani?"

Jini likafikiri. "Na ndizi mbivu?"

"Nusu."

"Haya, nusu," likasema, likaondoka zake.

Mzee Chitanda akafungua magunia. Nilinuna siku tatu: kesi nimeifumbua mie, sifa kachukua mganga.

Nilikuwa nimeshaolewa, na Bibi ameshatangulia mbele ya haki, nilipokwenda kumjulia hali Mzee Chitanda, nikamkumbusha siku ile. Alicheka mpaka akakohoa.

"Bibi yako alikuwaga anakuja kuilamba sukari chumbani kwangu, mama yako asimwone."

"Ulijua? Mbona hukusema, babu?"

"Nimwaibishe mtu mzima mbele ya mjukuu wake? Vyumba vya kupanga vipo vingi."

Nilikuwa nimewahoji watu wote wa ua ule, hadi muuza maji. Yeye sikuwa nimemuuliza swali hata moja.