Kuku wa Gambuti

Timbo la kuchimba mawe lilipoanguka tulikuwa watu watatu huko chini. Wawili wakabaki chini ya mawe. Mimi nilitolewa na mguu wa kushoto umesagika kuanzia goti, na mpaka leo huo mguu unatembea kama unasukumwa na mtu mwingine. Mwenye timbo alikuja kuniona hospitalini Nyeri na kreti ya soda na karatasi. Karatasi ilisema nilikuwa najichimbia mawe mwenyewe, ati hakuwahi kuniandika. Nilisoma mpaka darasa la tano tu, na siku hiyo dawa ya maumivu ilikuwa imenishika kichwa. Nikaweka sahihi. Jina lake nalijua, na majina ya hao wengine nitakaowataja nayajua pia. Siyaandiki, lakini huku kwetu kila mtu atawatambua kwa walichofanya.

Bibi yangu alirudi kwao kabla sijatoka wodi. Nikaanza kula kwa ndugu yangu mkubwa, ng'ambo ya ua. Mwaka mmoja na nusu. Sikatai, walinilisha. Lakini kuna kulishwa na kulishwa. Ndugu yangu alipenda kunisogezea sahani wakati kuna wageni, halafu anasema, "Kula, kula. Mawe yalishindwa kukuua, njaa isije ikajaribu." Wageni wanacheka. Mimi nacheka pia, kwa sababu sahani ni yake.

Kuku ndio walinitoa hapo. Shemeji yangu, bibi ya huyo ndugu, alinipa kuku mmoja wa kienyeji na vifaranga sita, bila kumwambia bwanake. Kuku ni kazi mtu anaweza kufanya ameketi. Nilijenga banda kwa mabanzi na mabati ya kuokota, nikawakatia sukuma wiki, nikawafukuzia mwewe kwa fimbo ile ile ya kutembelea. Baada ya miaka miwili walikuwa thelathini na wanane. Mfanyabiashara wa Majengo, mwenye hoteli ndogo karibu na msikiti, alikuwa anakuja kila Alhamisi kuchukua majogoo. Mayai yalienda kwa kioski. Nikanunua sufuria, nikanunua jiko, nikaacha kuvuka ule ua. Ndiyo maana nasema hao kuku hawakuwa kuku tu. Walisimama kati yangu na sahani ya ndugu yangu.

Kama ningetosheka hapo, singekuwa na la kuandika.

Jirani alinionyesha picha kwa simu. Kuku wanaitwa Brahma, wakubwa kama mbwa mdogo, na manyoya yameshuka miguu yote mpaka vidoleni. Watu wa mjini wanawataka wa kutembea kwa nyasi mbele ya nyumba, wageni waone. Kifaranga wao mmoja anauzwa bei ya kuku wangu mzima. Wafugaji wenye sifa wanataka ulipe kwanza ungoje miezi, na bei yao ni ya watu wenye magari. Lakini kulikuwa na mmoja Kerugoya anauza nusu ya bei hiyo, ati anahamia kwa watoto wake na hana pa kuwaacha. Nusu ya bei. Nilienda mbio na mguu mmoja.

Yule mtu ndiye wa kwanza namshtaki kwa habari ya kuku. Alikuwa mzee wa heshima, kofia kichwani, anaongea pole pole kama anaomba. Vizimba vyake karibu vyote vilikuwa vitupu, vimeoshwa, vinanuka dawa ya choo.

"Wengine wameenda wapi?" nikamuuliza.

"Wameenda na wenyewe. Watu wa Nanyuki wanakuja na magari, wanabeba tu. Wewe uko na bahati, umepata wa mwisho."

Nikaona vizimba vitupu nikafikiri, huyu mtu anauza. Sikufikiri jambo lingine.

Alinipa jogoo mmoja na majike wawili. Nikamshika jogoo, mzito, mguu wake laini kama blanketi. Nilipotoa kamba mfukoni ya kufunga miguu, yule mzee akanishika mkono.

"Apana! Usifunge kamba hapo. Hizo manyoya zikikatika umebaki na kuku ya supu. Watu hawanunui kuku, wananunua mguu."

Akanipatia katoni zenye matundu, bure. Nikamshukuru. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, kwamba nilimshukuru.

Kwetu, kuku mgeni hafunguliwi. Mama yangu alimfunga kamba mguuni, akamwekea maji na mahindi jikoni, na huyo kuku alikaa hapo siku saba kabla ya kuona wenzake. Walisema ni ili azoee boma asirudi alikotoka. Kila mtu hapa anafanya hivyo hata kama hajui sababu nyingine, ya ugonjwa. Shemeji alisimama kwa ua akaniona nikifungua katoni mlangoni mwa banda.

"Shemeji, hao hutawafunga jikoni?"

"Hawa hawafungwi. Nitaharibu mguu."

"Basi hata uwafungie peke yao."

"Wapi? Niko na banda moja."

Jirani naye akapiga kelele kutoka barabarani, "Haiya! Kuku imevaa gambuti! Mvua ikinyesha tutaikopa twende shamba!" Tukacheka wote. Jogoo akaingia kati ya kuku wangu kama chifu kwenye baraza.

Siku ya tano alisimama pembeni, macho yamefungwa, mabawa chini. Kinyesi chake kilikuwa kijani. Siku ya sita alikufa, na jike mmoja akamfuata kabla ya saa sita mchana. Halafu wangu wakaanza. Shingo zinapinda mpaka kuku anaangalia mbingu, anazunguka mahali pamoja kama amelewa, anaanguka. Nilikuwa nikiokota asubuhi wanne, asubuhi nyingine saba. Kideri.

Nilikuwa nimewachanja, tone kwa jicho la kila kuku. Hapo namshtaki yule wa duka la dawa za mifugo. Chanjo ya kideri inataka baridi, na friji yake, nilikuja kujua baadaye, ilizimwa kila jioni kuokoa stima. Nilipomrudia alinitazama mguu, siyo uso, akasema, "Mzee, labda hukuweka kwa jicho vizuri." Mikono yangu haikuvunjika, nilimwambia. Akaenda kuhudumia mtu mwingine.

Alhamisi yule wa Majengo alikuja na kizimba chake. Kuku kumi na moja walikuwa bado wanasimama. Akachuchumaa mlangoni mwa banda, hakugusa hata mmoja.

"Mzee wangu, hawa wamekwisha."

"Hao kumi na moja wanakula vizuri. Chukua leo, uchinje leo."

"Kuku mgonjwa mimi siwezi kumpa mtu ale. Hata wewe usile. Chimba shimo, tia chokaa, ungoje miezi kabla ya kuleta wengine. Pole sana, wallahi."

Akatoa kitu mfukoni akaniwekea mkononi, nikamrudishia. Sikutaka pole. Nilitaka achukue kuku.

Nikachimba shimo. Ndugu yangu alikuja kusimama juu yangu, mikono mifukoni, akaangalia lundo la manyoya.

"Sasa? Nimwambie mama watoto aongeze unga?"

Nikaendelea kuchimba. Alikuwa anatabasamu kidogo tu, tabasamu la mtu aliyengoja bila haraka.

Alipoondoka nikasimamisha dalali wa pikipiki, yule anayezunguka vijijini akinunua kuku mlango kwa mlango. Nikamchagulia kumi waliokuwa na macho wazi; wa kumi na moja alikuwa ameanza kufumba. Nikawapangusa nyuma kwa kitambaa cha maji.

"Wako sawa hawa?"

"Wako sawa."

Akaniangalia, nikamwangalia. Kaburi la kuku lilikuwa nyuma ya banda na udongo bado ulikuwa mbichi. Alijua. Akapunguza bei, na kwa hiyo bei nilijua kwamba amejua.

"Unawapeleka wapi?"

"Kuna mama mmoja upande wa Mukurwe-ini ndio anaanza kufuga. Anataka wa kutaga."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Pikipiki ilikuwa haijawashwa, kuku walikuwa bado wanahesabiwa. Nikasema, "Basi waendeshe pole pole." Huyo mama simjui jina, na nashukuru simjui. Mzee wa Kerugoya hajui langu.

Kwa hizo pesa nilinunua unga na mafuta nikafunga mlango, nikapika mchana mweupe. Harufu ilivuka ua, na bado shemeji aliita, "Shemeji! Kuja ule, chakula kiko tayari!"

"Nimeshiba," nikamjibu, na sikuwa nimekula bado hata kidogo.