Wafu wa Susu na Wafu Wetu

Enzi zetu pale Erdington, mtaa wa Birmingham, mtoto akitoka shule hakuulizwa anataka kula nini. Alikuta ugali mezani. Mama akikosa unga wa mahindi kwa yule Mhindi wa Kisumu aliyekuwa na duka upande wa Hockley, basi ulisongwa ugali wa semolina, ukala na ukashukuru. Sukuma wiki ilikuwa kabichi ya Kiingereza iliyokatwakatwa mpaka ikakubali kuitwa sukuma wiki. Wanangu leo wakiandaliwa ugali hutazamana kwanza kama watu walioletewa mtihani, halafu mmoja huuliza kama hakuna pasta.

Mimi na kaka yangu Mutua tulicheza kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba, tumevaa sweta mbili mbili. Tuliokota zile mbegu ngumu za kahawia zinazoanguka bustanini, tukazitoboa, tukazitia uzi na kuzigonganisha hadi vidole vikavimba. Mvua ikinyesha hatukuingia ndani, kwa sababu Birmingham ukingoja mvua iishe ndipo ucheze, utazeeka hujacheza. Siku hizi mtoto akidondokewa na tone moja anatafuta kofia.

Lakini raha yetu kubwa ilikuwa nyumbani kwa Susu. Susu ni nyanya kwa Kikamba, ila huyu wetu alikuwa mwanamke wa Kiskochi, mrefu, mkavu, mwenye nywele nyeupe alizozibana kwa pini kumi hivi. Mama aliajiriwa kumtunza: kumpikia, kumfulia, kumpandisha ngazi. Kwa kuwa hatukuwa na wa kutuangalia, tulikwenda naye kila tukitoka shule. Mlangoni mama alitukumbusha: “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Jembe langu lilikuwa kufuta vikombe. La Mutua lilikuwa kuleta makaa ya mawe, kazi aliyoipenda kwa sababu ilimruhusu kuchafuka.

Susu alikulia Kenya, kwenye shamba la baba yake huko Ukambani, na Kiswahili alikijua. Au niseme alijua nusu yake, ile ya kuamrisha. “Wewe naleta chai. Mimi hapana taka sukari. Funga mlango, baridi iko mingi.” Mama alimjibu kwa Kiswahili chake cha shule, kilichonyooka kama kitanda cha hospitali, na walielewana vizuri sana. Mimi na binti yangu hatufiki hapo. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na macho hayatoki kwenye simu.

Alitupikia uji wa shayiri, Susu, na akautia chumvi. Chumvi! Mutua alipoonja mara ya kwanza alinitazama kwa huruma, akidhani bibi wa watu amekosea kopo. Mama alitukanyaga miguu chini ya meza, tukaumaliza. Miaka hii yote imepita na mimi sasa siwezi kunywa uji wa shayiri wenye sukari.

Baada ya chai Susu alisimulia habari za kwao. Ukoo wake ulikuwa na ardhi Uskochi, mahali palipoitwa Dalvoran, vilima kwa vilima, na nyumba yenye vyumba ambavyo hata wenyewe hawakuviingia. Kulikuwa na ng'ombe wenye nywele zilizofunika macho. Mutua hakuamini habari za ng'ombe hao hata alipoonyeshwa picha.

Kisha vikaja vita. Vile vya kwanza viliwachukua baba zake wadogo wawili, Archie na Duncan. Baba yake mwenyewe alirudi anachechemea, akakuta mashamba ya bondeni yameuzwa kulipa kodi. Kwa kuwa alipigana, serikali ikampa ardhi Kenya, ndipo Susu akakulia huko. Vita vya pili viliijaza nyumba ya Dalvoran wanajeshi, wakang'oa mbao za ngazi wakaota moto. Ndugu yake wa pekee, Alasdair, akafia Italia. Susu mwenyewe alikuja Birmingham kufanya kazi Hockley, katika karakana iliyokuwa ikitengeneza mapambo ya dhahabu na wakati wa vita ikachonga vyuma vya ndege. Vita vilipokwisha, vilima vikauzwa, paa la nyumba likaondolewa, naye akabaki hapahapa. Hakuolewa. Hakuwa na mtoto wala mpwa.

Jambo lililomkosesha raha lilikuwa moja, na hakulificha. “Mimi nakufa, hawa nakufa tena,” alisema. “Hapana watu ya kusema jina yao.” Kwa hiyo akatufundisha sisi. Kabla ya kupewa biskuti ilibidi tuyataje: Archie, Duncan, Alasdair. Jina hilo la tatu lilimshinda Mutua kabisa, akalifanya Alasida, na Susu akampa biskuti hivyohivyo.

Siku moja ya Novemba, wakati watu wote barabarani wamevaa kifuani ua jekundu la kuwakumbuka waliokufa vitani, Susu alikuwa akisimulia jinsi habari ya kifo cha Alasdair ilivyowafikia. Akafika katikati, akalia. Hatukuwahi kumwona akilia. Mama aliweka pasi chini. “Pole, Mama,” akamwambia. “Pole sana.”

Susu akafuta macho, akaitikia kwa kichwa, akaanza hadithi upya kutoka mwanzo, neno moja moja, kama mwalimu anayesomea darasa imla. Mama akarudia pole. Susu akazidi kupunguza mwendo, hadithi ikakaribia kusimama. Ndipo tulipoelewa. Yeye alijua polepole ile ya kuambiwa dereva na mtu aliyebeba mayai. Pole ya kumliwaza aliyefiwa hakuijua. Mutua akacheka, mimi nikacheka, mama akaziba mdomo na kitambaa lakini mabega yakamsaliti.

Mama alipotulia alimweleza Susu kwamba hatukumkataza haraka, tulikuwa tunamwambia uchungu wake tumeuona. Utoto mzima Kenya, na neno hilo ama hakuambiwa, ama aliambiwa asisikie. Susu akamgeukia mama. “Na wewe?” akauliza. “Watu yako nakufa vita?”

Nilimwona mama anatutazama, mimi na Mutua. Nilikuwa mdogo lakini nilijua kwamba kazi hii ndiyo iliyotulisha, na kwamba neno baya moja lingeweza kuimaliza. Alikunja shuka aliyokuwa akiipiga pasi, akaikunjua, akaikunja tena.

“Babu yangu Kilonzo,” akasema, “alichukuliwa vita vile vya kwanza kubeba mizigo ya jeshi mpaka Tanganyika. Hakurudi, na hatujui alizikwa wapi. Baba yako walimpa shamba kwa vita hivyo, Mama. Kwetu hawakuleta hata habari. Na malisho yetu tukayakuta yamezungushiwa waya.”

Nilijua tumekwisha. Nikaanza kutafuta koti langu kwa macho. Uso wa Susu ulibadilika rangi. Halafu akasema, “Pole,” taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Kisha akauliza, “Jina yake nani tena?”

Mama akamtajia. Kesho yake biskuti zilikuwa na majina manne: Archie, Duncan, Alasdair, Kilonzo. Na Susu alilitamka Kilonzo vizuri kuliko Mutua alivyotamka Alasdair. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba kuanzia siku hiyo mama hakunywa tena chai yake jikoni kwa kusimama. Alivuta kiti, akakaa karibu na moto, wakazungumza, kila mmoja na Kiswahili chake.

Susu alifariki nikiwa sekondari. Hospitalini aliniuliza nani atayasema majina, nikamwambia mimi. Kanisani tulikuwa wachache, na mama alilia kama mtu aliyefiwa na mzazi.

Sasa naishi Great Barr, ambako magari ya barabara kuu ya M6 hayalali, na mama yuko nami, amechukua chumba chenye jua. Watoto wangu niliwalaza kwa hadithi hizo, nikidhani hawasikii, maana mtoto wa leo akinyamaza hujui kama anasikiliza au betri imekwisha. Novemba iliyopita shule ya kitindamimba wangu, Kyalo, ikawaomba watoto waeleze habari za familia zao wakati wa vita. Mimi na mama tulikwenda, tukabanwa kwenye vile viti vya watoto.

Kyalo akasimama mbele bila hata karatasi. Akasema kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba familia yetu ilikuwa na vilima Uskochi na ng'ombe wasioona vizuri. Walikuwa ndugu wanne, Archie, Duncan, Alasdair na Kilonzo. Vita vilipoanza mama yao aliwanunulia wote buti mpya zinazofanana, wakaenda pamoja. Kilonzo ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote, kwa hiyo akawabebea wenzake mizigo. Wakafa wote, na sisi bado tunawataja.

Sisi enzi zetu tulijua wafu wa Susu ni wepi na wafu wetu ni wepi. Tulijua nani alipewa shamba na nani alizungushiwa waya, na tulikaa pamoja kwenye moto mmoja huku tunajua. Kyalo hajui. Nyumba aliyokulia haikuwahi kumtenga na mtu yeyote, nami nashukuru, lakini nilihisi kuna kitu kimetuponyoka. Nikanyanyuka nusu ili nimsahihishe.

Mama akanishika koti. “Mwache,” akaninong'oneza. “Babu alikwenda miguu mitupu. Mwache mtoto amvishe buti.”

Nikakaa, nikapiga makofi pamoja na wazazi wengine.