Leso Iliyobaki

Wiki jana, nikiwa kwenye duka la vitambaa mpakani Busia, mama kutoka Petta alishika jozi ya leso.

"Nataka moja tu."

"Mama, leso huuzwa mbili. Nyingine si utampa dada?"

"Tulikuwa tukigawana na dada. Tumemzika na yake."

Muuzaji alichukua mkasi, akakata jozi katikati.

Mimi mjuaji ninajua kwamba neno leso tulilipata kwa Wareno wanaosema lenço, kwamba Wahispania wana lienzo, na kwamba mama yao ni linteum ya Kilatini, kitambaa cha kitani. Ukoo mzima wa neno! Ila la kumwambia mama yule nilikosa.

Jana nilipita pale. Ile ya pili bado inaning'inia. Nani hununua leso moja?